Niliposema Nimemuua Wifi Yangu

Haya namwandikia mtu mmoja. Simjui jina, lakini najua yupo, pengine amekaa jikoni kwake, pengine kwenye benchi la zahanati, anajisemea moyoni kwamba yeye ni mtu mbaya kuliko wote anaowajua. Wewe uliye hivyo, kabla hujasimama mbele za watu ukawaambia, subiri kwanza. Mimi sikusubiri. Nilisimama, nikasema, na watu wakaniamini.

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka pale Mlowo. Mzaliwa wa Tunduma, Mnamwanga, nikaolewa na Mnyiha wa Itaka, tuna watoto wawili, na mkubwa wao ndiye amenipa jina la Mama Eda. Kabla sijaugua nilikuwa na mdomo, sifichi. Madalali walikuwa wananikwepa. Dalali akija na ndoo iliyotanuliwa ili imeze mahindi ya mkulima, mimi natoka na ndoo yangu na kijiti changu cha kusawazishia, nafuta juu mbele ya watu, halafu ndiyo tunaongea. Nilikuwa napenda ugomvi wa namna hiyo. Nilikuwa nautafuta.

Lusia alikuwa mdogo wa mwisho wa mume wangu. Alipomaliza shule alikuja kukaa kwetu Mlowo, akawa ananisaidia kibandani. Alikuwa mchekaji, hata wateja wasionunua walikuwa wanapita kumsalimia. Akapata mimba ya kijana wa Mbebe ambaye ukoo wake ulikuwa haujaja kujitambulisha, basi tukasema mtoto ni wetu, azaliwe salama kwanza, mengine yatazungumzwa. Wakati wa mvua kubwa, akiwa amekaribia kujifungua, miguu ilimvimba. Asubuhi moja akaniambia kichwa kinamgonga na anaona vimulimuli. Nilikuwa nawahi gari la maharage. Nikamwambia, "Hiyo ni mimba, wifi. Hata mimi nilivimba mpaka viatu vikanikataa. Lala kidogo, nikirudi twende wote." Niliporudi mchana majirani walikuwa wamemkuta chini anatetemeka mwili mzima. Hospitalini walimtoa mtoto akiwa hai. Daktari alisema ni kifafa cha mimba. Lusia tulimzika Itaka, na wanaume walikuwa wanachota maji kaburini kwa ndoo kabla ya kumshusha.

Wazee walikubaliana mtoto abaki kwangu, kwa sababu Mlowo maziwa yanapatikana na zahanati iko karibu. Tukamwita Gloria. Nikamlea kama nilivyolea wangu, usiku na mchana, kwa kikombe na kijiko. Watu walikuwa wananisifu. Kila sifa ilikuwa inaniuma, na sikuelewa kwa nini inaniuma kiasi kile.

Ugonjwa haukuja na homa. Ulianza na usingizi. Ukaja kwenye chakula. Ugali ulikuwa unazunguka mdomoni kama udongo, naumeza kwa maji. Nguo zikanilegea. Siku zangu za mwezi zikakata, nikadhani nina mimba, haikuwa mimba. Mgongo ukawa mzito, ndoo ya maji niliyokuwa naibeba nikiongea na simu ikawa mzigo wa kupumzikia njiani. Na mdomo wangu ule ukafa. Dalali mmoja alinipunja waziwazi, kila mtu akiona, nikamwambia asante. Mwenyewe aliogopa, akanirudishia.

Kitu ambacho sikumwambia mtu ni kesi iliyokuwa kichwani. Mwanzoni ilikuwa kesi moja tu, ile asubuhi ya vimulimuli. Nilikuwa nairudia kutwa nzima. Halafu zikaanza kuongezeka. Kuku wa jirani akagongwa na bodaboda, nikajua ni mimi, kwa sababu nilikuwa nimeacha lango wazi juzi yake. Eda akafeli hesabu, ni mimi. Mvua ya mawe ikapiga Itaka ikakatakata kahawa za shemeji, kaka yake mume wangu, na mimi nikiwa Mlowo nimekaa kibandani nikasema kimoyomoyo, ni mimi huyo. Unacheka? Cheka tu, siku hizi hata mimi nacheka. Lakini wakati ule ningeapa mahakamani.

Mume wangu alihangaika. Alinipeleka kupima taifodi, nikapewa dawa za taifodi. Alinipeleka kupima vidonda vya tumbo, nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Mchungaji akaniombea. Mwishowe akachoka, akaniambia kila mtu amefiwa na Lusia, yeye ni kaka yake wa damu na bado anaamka kwenda kazini, mimi najiendekeza. Nilimwona ana haki ya kusema hata zaidi ya hapo.

Mahindi yakakauka, yakavunwa, ikafika Jumapili ya sikukuu ya mavuno. Anayeijua siku hiyo kwetu anajua ilivyo na furaha. Watu wanaleta kanisani maboga, ndizi, magunia ya mahindi, majogoo yamefungwa miguu, na baada ya ibada vinapigwa mnada, watu wanapandishiana bei kwa kucheka. Kabla ya mnada kuna nafasi ya ushuhuda. Tulikuwa tumekwenda kusali Itaka na ukoo wote. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele na kina mama wenzake. Mimi nilikuwa na Gloria mgongoni.

Nilisimama nikaenda mbele. Watu wakapiga makofi, wakijua nakwenda kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemuua Lusia. Msinisifu tena."

Kanisa lilinyamaza mpaka tukawa tunasikia majogoo tu yakihangaika kule pembeni. Mchungaji akanishika bega akasema kwa sauti kwamba mama huyu ana majonzi, tumwombee. Alijitahidi, maskini. Lakini neno likishatoka mbele ya watu wote wale halizimiki kwa sala moja. Nilipojaribu kurudi nilipokuwa nimekaa, shangazi mmoja alikuwa ameshamchukua mtoto kwangu, sikumbuki alimfungua saa ngapi. Nilipotaka kumpokea akarudi nyuma hatua kama aliyeona moto.

Sisemi watu wa kwetu ni wabaya. Msichana akifa ghafla, mzima juzi tu, watu wanataka jibu, na wengine walikuwa wameanza kulitafuta tangu msibani. Mimi niliwapa jibu bure. Na jibu lile kwetu lina tafsiri moja. Hakuna aliyewaza kwamba yule mama anaumwa. Waliwaza uchawi.

Mchana uleule ukoo ulikaa. Shemeji ndiye aliyeuliza, maana ndiye mkubwa baada ya baba yao kufariki. Aliuliza kwa utaratibu kabisa, hakunitukana. Je, ni kweli nilimfanyia kitu Lusia? Nikasema ndiyo. Je, nilikuwa na wivu naye? Ndiyo. Je, na ile mvua ya mawe? Nilipoisikia ile mvua ikitajwa na mtu mwingine nikaona basi, hata wao walikuwa wanajua. Nikasema ndiyo. Ninyi mnaosoma mtashangaa, mtasema si angekataa tu. Ukiwa na ugonjwa ule kila swali linakukuta umeshajihukumu. Wangeniuliza kama ni mimi niliyepasua meza ile tuliyokalia, ningekubali na kuomba radhi.

Nje, vijana walikuwa wanaongezeka uani. Nilikuwa nawaona kupitia mlangoni, wengine nawajua, nimewauzia maharage mama zao. Mmoja alikuwa anaongea kwa sauti ili nisikie, kwamba mtu akikiri mwenyewe kuna haja gani ya kikao. Mume wangu alikuwa kimya muda wote. Alipomsikia yule, akasimama akasema anakwenda kunipa maji, akanishika mkono, tukapita mlango wa jikoni, tukaingia kwenye mibuni. Alinivuta kwa nguvu mpaka mkono ukaniuma wiki nzima. Pikipiki yake ilikuwa barabarani. Kule nyuma nikasikia watu wanaitana. Nikamwambia aniache pale, waje wamalize, wana haki. Alinipandisha kama gunia akaniwekea mikono yangu kiunoni kwake, na hatukusimama mpaka Tunduma, kwa dada yangu Nelia.

Sijawahi kumshukuru mwanaume yule ipasavyo kwa siku ile. Namshukuru hapa.

Dada Nelia anauza sabuni na vitenge, anavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi kama mtu anayekwenda chooni. Nyumba yake iko karibu na foleni ya malori, vumbi ndani, vumbi nje, na miezi ile upepo wa baridi unapita kwenye mifupa. Alinitazama siku mbili hivi. Siku iliyofuata akafunga biashara, akanifunga khanga kama mtoto, akanipeleka hospitali. Njiani aliniambia kwamba mama yetu aliwahi kuwa hivi baada ya kumzaa yeye, mimi sijazaliwa, na kwamba hakuna aliyemroga wala yeye hakumroga mtu. Nilikuwa sijawahi kulisikia hilo maishani mwangu.

Benchi la kliniki ya afya ya akili watu wanaliogopa kuliko la wodi ya wagonjwa mahututi. Nilikaa nimejifunika kitenge usoni, maana nilimwona mama mmoja mteja wangu. Baadaye niligundua na yeye amejifunika kwa ajili yangu. Pale unasubiri. Wengine wanaongea peke yao, wengine wamelala kwenye mapaja ya ndugu zao, wengi wako kama mimi tu, wamekaa wanatazama sakafu. Kila mlango ukifunguliwa nilikuwa najua ni askari wamekuja kunichukua, na nilikuwa nimejiandaa kwenda nao.

Nesi Flora alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye uchovu usoni. Aliniambia ugonjwa unaitwa sonona, na kwamba kwa wengine unakaa kwenye huzuni, kwa wengine kwenye mwili, na kwangu umejenga nyumba kwenye kujilaumu. Akaniuliza kama najiona bora nisiwepo. Aliuliza hivihivi, kama anayeuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akamwita dada, akaongea naye, na jioni ile dada akaondoa vitu fulani nyumbani, akalala chumba kimoja na mimi. Kama na wewe unawaza hivyo, mwambie mtu leo. Usingoje upate maneno mazuri ya kusemea.

Siku hiyohiyo, kabla sijatoka, nesi Flora aliniambia nipime. Hatia yangu, kuanzia sifuri mpaka kumi, ina uzito gani?

Nikasema kumi na tano.

"Mwisho ni kumi, Mama Eda."

"Basi kipimo chako ni kidogo."

Hakubishana. Akasema sawa, kumi na tano, tutaangalia tena ukirudi. Nilitoka nimekasirika kidogo, na dada anasema hasira ile ndiyo iliyompa moyo.

Dawa zile mwanzoni zilinitesa. Mdomo ulikauka mpaka ulimi ukawa unagandana na meno. Choo kikagoma. Mikono ikatetemeka, nikawa nashika kikombe kwa mikono miwili. Asubuhi naamka kichwa kimejaa pamba. Na zaidi ya usingizi hakuna kilichobadilika, wiki ikapita, nyingine ikapita. Nilitaka kuacha. Dada ndiye alikuwa ananisimamia nikimeza, ananiambia nifungue mdomo aone. Jirani yake mmoja, mama wa upande wa Zambia aliyeolewa hapa, alikuwa anapita kila alasiri na karanga za kuchemsha, ananisalimia kwa Kibemba, anakaa, anamenya, ananipa, anaondoka. Hakuniuliza chochote hata mara moja. Nilikuwa nazisubiri karanga zile.

Kila nikirudi kliniki nesi Flora alikuwa ananipimisha. Kumi na tano tena. Kumi na nne. Siku moja akaniuliza najilaumu kwa lipi hasa, nimtajie yote. Nikamtajia, Lusia, kuku, hesabu za Eda, mvua ya mawe. Nilipofika kwenye mvua akauliza, "Hii uliinyesha wewe?"

Ndani yangu jibu lilikuwa ndiyo, lakini lilipofika mdomoni likaniletea aibu. Nikasema, sijui. Akasema sijui inatosha kwa leo.

Wakati huohuo habari za Itaka zilikuwa zinakuja. Mume wangu alikuwa anakuja siku za mapumziko, watoto wetu wawili akiwaacha Mlowo kwa jirani, kila mara amekonda zaidi, analala kwenye mkeka sebuleni kwa dada. Gloria alikuwa kwa mama mkwe, anakunywa maziwa ya ng'ombe, ameota jino. Nilipouliza kama naweza kumwona alitazama pembeni. Shemeji alikuwa ametoa sharti. Niende nao kwa mganga, nje ya wilaya, ninyolewe, nisafishwe, nikiri mbele ya ukoo tena kwa utaratibu, ndipo nirudi kwangu na mtoto arudi. Nisipokwenda, mtoto harudi kwangu kamwe, na mume wangu atafute mke mwingine.

Mimi nilikuwa tayari kwenda. Nataka ulielewe hili. Nilikuwa namtaka Gloria kiasi kwamba mikono ilikuwa inauma kwa kukosa kumbeba, na hata bila Gloria ningekwenda, kwa sababu nilikuwa naamini wana haki. Mume wangu naye alikuwa amechoka kubishana na ndugu zake, akasema pengine tumalize tu. Walishapanga na siku.

Nilimwambia nesi Flora kama namuaga. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekaza uso. Akauliza leo ni ngapi. Nikasema kumi na mbili. Akasema, "Ukiwa juu ya saba usikubali kosa lolote mbele ya mtu yeyote. Shuka kwanza. Ukishashuka, kama bado unaona ni kweli, mimi mwenyewe sitakuzuia." Akamwita mume wangu ndani akamwambia hilohilo. Sijui ni kitu gani kilimwingia, labda ni kule kuambiwa na mtu aliyevaa sare, lakini alirudi Itaka akawaambia mke wangu yuko kwenye dawa, haendi popote. Shemeji hakuongea naye tena mpaka kahawa ikaisha kuvunwa.

Nilianza kushuka bila kujua. Ilikuwa ni siku moja niko sokoni na dada, namsindikiza tu, nikaona watu wanapakia viazi. Gunia limejaa mpaka mdomoni, lingeshonwa pale, lakini wanaongeza juu, wanalisukia kamba, linapata kichwa kirefu, halafu mkulima analipwa gunia moja. Ile ndiyo lumbesa. Nimeigombania maisha yangu yote. Nikasimama nikawaambia wale vijana kwamba huo ni wizi, na kama viazi vina macho basi vinawaona. Wakanitukana. Nikawajibu. Dada akaanza kulia pale sokoni, mtu mzima na ndoo yake ya sabuni.

Kliniki iliyofuata nilimwambia nesi Flora kwamba nadhani hatia yangu ina lumbesa. Nikamweleza. Kuna gunia, na kuna kile kichwa cha juu. Kuku, hesabu, mvua, kwamba nimezaliwa mbaya, kwamba watoto wangu wangefaidi nisingekuwepo, kile chote kimeongezwa na mtu mwingine, na huyo mtu ni ugonjwa. Akacheka, akasema basi tukate kamba tuone gunia. Tulikata kwa miezi. Halikuwa jambo la siku moja, na siku nyingine nilikuwa narudi nyumbani kichwa kimeshonwa upya.

Kilichobaki chini nilikitazama vizuri. Sikutaka mtu aniambie hakuna kitu, maana kipo. Lusia aliniambia anaona vimulimuli, na mimi nikamwambia alale. Sikujua ni dalili ya hatari. Ningejua ningembeba mgongoni. Lakini nilisema vile, na ningetamani nisingesema. Nesi Flora aliniuliza hicho peke yake nakipa ngapi. Nikafikiri, nikasema tatu. Akauliza tatu inabebeka? Nikasema inabebeka, inauma, lakini inabebeka.

Mvua za kwanza zilipoanza, watu wameshaingia mashambani kupanda, nilikuwa peke yangu nyumbani kwa dada nachambua maharage. Mtu akabisha hodi. Alikuwa mama mkwe, viatu vimejaa matope, na Gloria mgongoni.

Mama mkwe hakuwahi kufika Tunduma kwa dada, na kama ukoo umemtuma mwanamke mzee peke yake na mtoto, basi amekuja kunionyesha kwa mara ya mwisho, au amekuja na neno. Nilipiga magoti nikamsalimia. Aliitika kwa chini. Nikamkaribisha chai, akakataa. Nikamkaribisha maji, akakataa. Nikajua, haya, hata maji yangu hawezi kunywa. Gloria alinitazama kwa juu ya bega lake. Hakunifahamu.

Alikaa. Nilimwona amepungua, shingo imetoka mishipa, na khanga imemzunguka mara mbili. Ndipo akasema, akitazama maharage yangu, "Alinipigia mimi kwanza."

Sikuelewa. Nikamuuliza nani.

"Lusia. Asubuhi ile, kabla hajakwambia wewe. Aliniambia kichwa, aliniambia macho. Nikamwambia avumilie, asiwahi hospitali kabla ya uchungu, watamchana bure. Mwanangu alikuwa anataka kwenda. Mimi ndiye niliyemzuia."

Nikabaki na ungo mkononi.

"Uliposimama kanisani," akasema, "nilishukuru. Nilisema asante Mungu, amepatikana mwingine."

Mimi ni mtu wa hasira, nimeshasema. Nilisimama. Nikaona mibuni ile, vijana wale, mume wangu kwenye mkeka, miezi yote bila mtoto, na huyu mama alikuwa anajua, amekaa mstari wa mbele na kina mama wenzake, anajua. Simu ilikuwa mezani. Ningempigia shemeji pale pale, nikamwambia mama yako anakuita, akuambie mwenyewe, na mchana ule ule ningekuwa mtu safi Itaka nzima. Nilishaishika. Nilikuwa nimeshaitafuta namba yake.

Yeye hakunizuia. Akasema, "Mpigie. Mimi ndiye niliyemuua. Na mvua isiponyesha mwaka huu mtajua ni nani."

Nje ilikuwa inanyesha. Tulikuwa tunapiga kelele kushindana na bati.

Nikaiweka simu chini. Nikamuuliza analala? Akasema halali tangu mavuno. Anakula? Akanyoosha mkono akanionyesha kifundo chake, mfupa mtupu. Nikamuuliza kama angepima ile hatia, kuanzia sifuri mpaka kumi, angeipa ngapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. Akasema haipimiki.

Sikumwambia nimemsamehe. Nilikuwa sijamsamehe, na baadhi ya siku bado. Nilimwambia ni siku ya kliniki kesho, na kwamba shemeji atasikia, lakini atasikia kutoka kwake, na si leo, atasikia atakaposhuka chini ya saba. Hakujua nasema nini. Alilala kwa dada, Gloria akalala naye, sikumgusa, sikuombwa.

Asubuhi tukakaa kwenye benchi, yeye na mtoto, mimi na dada. Safari hii sikujifunika. Kulikuwa na mwanamke wa Itaka amemleta ndugu yake, akatuona, macho yakamtoka, akamgonga kiwiko mwenzake. Mama mkwe naye aliwaona. Nilijua anafikiria nini, kwamba kesho kutwa Itaka yote itajua amekaa wapi na amekaa na nani. Akajiinamia.

Mlango ukafunguliwa, nesi Flora akaita jina lake.

Hakuinuka. Nesi akaita tena. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Nenda, mama. Anauliza maswali tu."

Alisimama akiwa na mtoto. Akatazama mlango, akawatazama wale wanawake wa Itaka, muda wa kutosha waone vizuri. Halafu akageuka akaniwekea Gloria mapajani, akaingia.